Mashine Inawaka, Skrini Nyeusi: Kabla Hujasema Tundu Limekufa

Mama mmoja mwenye chumba cha fotokopi na uchapaji, kule juu Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, alinijia asubuhi akiwa nyuma ya motari, dereva wa pikipiki, kasha la kompyuta amelipakata kama mtoto mgonjwa. Akaliweka mezani, akahema, akasema: "Fundi, tundu ya ekra, ya skrini, imekufa. Kijana wa jirani ameshaiangalia. Weye niambie tu bei ya kuibadilisha." Wanafunzi walikuwa wanamngoja na kazi zao za mwisho wa masomo, na kila saa iliyopita ilikuwa pesa inayohamia kwa jirani yuleyule.

Nikachomeka skrini yangu kwa kebo yangu. Ikaja nembo ya kiwanda, ikaja Windows, ikaja picha ya wajukuu zake watatu wamevaa nguo za Noeli.

"Mama, skrini yako na kebo yako viko wapi?"

"Nimeviacha dukani. Vile ni vizima."

Kesi hii naipata Bukavu karibu kila wiki, na mkia wake nitaurudia mwishoni. Kwanza tuelewane kwa nini watu hukimbilia kulaumu tundu. Ni kwa sababu ndilo wanaloliona. Nyuma ya kasha kuna mdomo wa VGA wa buluu au mdomo mwembamba wa HDMI, kebo inaingia pale, picha haitoki, basi hukumu imeshapita. Kumbe picha ina safari ndefu. Huanzia kwenye umeme, hupita ubao mama unaobeba vyote, RAM (kumbukumbu ya muda) na kichakataji, ule ubongo wa mashine, huchorwa na sehemu ya picha, ndipo hutoka tunduni, huingia kwenye kebo, pengine na adapta katikati, hufika skrini, na hata pale hungoja skrini ikubali kuipokea na iwe na taa ya kuimulika. Pakikatika popote, unachokiona wewe ni weusi uleule. Na katika safari yote hiyo, tundu lenyewe ni miongoni mwa vitu vigumu kufa. Ni chuma na plastiki. Halina programu wala halizeeki kwa kutumiwa kama betri.

Kwa hiyo ninapoona giza, siulizi tundu lina nini. Nauliza: kati ya mashine, kebo na skrini, ni nani aliyenyamaza?

Skrini ijisemee yenyewe

Anza na skrini kwa sababu ndiyo rahisi kuliko vyote. Chomoa kebo ya picha, acha ule waya wa umeme peke yake, kisha iwashe. Skrini iliyo nzima itaandika kitu: kwamba hakuna ishara, au kwamba kebo haijachomekwa. Nyingi za hapa kwetu ni mitumba ya Ulaya, kwa hiyo zitaandika Kifaransa, Kijerumani au Kiholanzi. Lugha isikusumbue. Maandishi yoyote yale ni habari njema, maana yanathibitisha kwamba skrini ina umeme, ina taa, na inaweza kuchora.

Kama kitaa cha kitufe chake kinawaka lakini uso ni mweusi kabisa, funga mapazia, chukua tochi ya simu, mulika uso wa skrini kwa upande. Ukiona maandishi hafifu kama maandishi ya penseli kwenye karatasi nyeusi, basi picha ipo. Kilichokufa ni taa ya nyuma. Hapo kompyuta haina kosa lolote, iache ipumzike.

Halafu kuna chaguo la kuingilia. Skrini yenye VGA, DVI na HDMI haisikilizi matundu yote kwa wakati mmoja. Nyingine hujitafutia yenyewe, nyingine husubiri uziambie kwa kitufe. Mtoto akibonyeza kitufe hicho akicheza, skrini itakaa inasikiliza HDMI huku mashine ikipiga kelele kwenye VGA. Nimeshawahi kupanda mlima mpaka Panzi, jua la saa saba, kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Nililipwa nauli.

Mashine imeamka au inazungusha feni tu?

Feni kuzunguka si ushahidi wa uhai. Feni huzunguka mara tu umeme ukifika, hata kama kichakataji hakijatamka neno. Kipimo changu ni kibodi. Washa, ngoja dakika mbili, kisha bonyeza Caps Lock au Num Lock. Kitaa cha kibodi kikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine imeamka na inakusikia. Kilichopotea ni njia ya picha tu. Kikiganda, au kisipowaka kabisa, acha habari za kebo na matundu. Mashine yenyewe haijafika mahali pa kutoa picha.

Katika hali hiyo mtuhumiwa wangu wa kwanza ni RAM, vile vibao vyembamba tunavyoviita bareti. Kiangazi cha Bukavu, kuanzia mwezi wa sita, vumbi jekundu la barabara huingia kila mahali, na masika yakirudi unyevu wa ziwa hulishikiza. Miguu ya dhahabu ya bareti hupata utando usioonekana kwa macho, na mashine hushindwa kuisoma. Baadhi ya mashine hulalamika kwa milio, nyingine kwa kitaa cha rangi ya machungwa kinachopepesa, kila kiwanda na lugha yake. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Chomoa bareti, sugua miguu yake taratibu kwa gomu ya mwanafunzi, ile ya kufutia penseli, futa makombo, rudisha mpaka isikike ikibofya. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na kila tundu lake. Sijui ni mashine ngapi nimezifufua kwa gomu. Najua tu kwamba wateja hawapendi kulipia gomu.

Gomu likishindwa, kuna ile betri bapa ya CR2032. Jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2, nguvu yake volti 3. Kazi yake ni kulinda saa na mipangilio ya msingi mashine inapokuwa haina umeme. Ukiitoa kwa dakika chache waya wa ukutani ukiwa umechomolewa, kwenye mashine nyingi za mezani mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani. Hilo hutibu mashine ambayo mtu ameiambia itoe picha mahali pasipo na kitu.

Giza liliingia saa ngapi?

Swali hili huokoa muda kuliko bisibisi yoyote. Kama nembo ya kiwanda inaonekana kwanza, kisha giza linaingia Windows inapoanza, tundu lako ni zima. Kebo ni nzima. Skrini ni nzima. Kitu kilichoweza kuonyesha nembo kwa sekunde kumi hakijafa. Tatizo liko kwenye draiva, yaani programu inayoendesha sehemu ya picha, au kwenye mipangilio.

Mara nyingi ni ukubwa wa picha. Mashine ilikuwa na skrini kubwa, sasa imeunganishwa na ya inchi 17 ambayo mwisho wake ni nukta 1280 kwa 1024, na Windows inaendelea kutuma picha pana kuliko mlango. Skrini itasema ishara imevuka kipimo. Iwashe kwa skrini nyingine, punguza, kisha rudi. Au ni ule mpangilio wa kutuma picha kwenye skrini ya pili peke yake: mtu alitumia projekta kanisani Jumapili, Jumatatu mashine bado inaongea na projekta ambayo haipo. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi P, ngoja kidogo, bonyeza P tena, kisha Enter. Fanya hivyo gizani mara kadhaa na picha inaweza kurudi. Kwenye Windows 10 na 11, vitufe vinne kwa pamoja, Windows, Ctrl, Shift na B, huamsha upya draiva ya picha. Skrini hupepesa, na wakati mwingine hiyo ndiyo dawa nzima.

Kinachopita ndani ya kebo

VGA ilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, na bado iko hai huku kwetu. Ina pini 15 katika safu tatu. Tatu zinabeba rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu, kila moja na njia yake. Pini ya 13 na ya 14 zinabeba mapigo mawili, moja la kuiambia skrini mstari umeanza, jingine la kuiambia ukurasa umeanza. Ukielewa hili, VGA mbovu inakueleza yenyewe inaumwa wapi. Picha ikiwa ya manjano, buluu haifiki. Ikiwa ya zambarau inayokaribia waridi, kijani hakifiki. Ikiwa ya buluu-kijani, nyekundu imekatika. Rangi moja kupotea ni ugonjwa wa kebo au wa pini iliyopinda, karibu kila mara. Lakini pigo moja likikosekana, skrini haijui pa kuanzia, inakata tamaa na kuandika kwamba hakuna ishara, ingawa rangi zote tatu zinafika salama. Na usishtuke ukihesabu pini 14: ya tisa, iliyo katikati, kebo nyingi hazina, na ndivyo zilivyotengenezwa.

HDMI, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwishoni mwa 2002, ina pini 19 na tabia tofauti. Haitumi picha kabla ya kubisha hodi. Mashine hupeleka volti 5 kwa pini ya 18. Skrini hujibu kwa pini ya 19 kwamba nipo. Ndipo mashine husoma kitambulisho cha skrini, hati ndogo ya baiti 128 au zaidi, inayosema mimi ni nani na naweza picha za ukubwa gani. DisplayPort, tundu jingine la picha, nayo ina hodi yake. Hodi isipoitikiwa, mashine huamua hakuna mtu ndani na haitoi kitu. Hii ndiyo sababu ya utaratibu wa kuwasha skrini kwanza, kuchagua tundu lake, ndipo uwashe mashine. Watu huuona ni ushirikina wa mafundi. Mashine nyingi za zamani zinapouliza hodi wakati wa kuamka na kukosa jibu, haziulizi tena.

Matundu ya juu na ya chini

Sasa niseme kosa ambalo hata vijana wa studio za video, wanaohariri harusi usiku kucha, hulifanya. Geuza kasha uangalie mgongo wake. Matundu yaliyo pamoja na USB na ya sauti ni ya ubao mama. Yaliyo chini yake, yamelala kwenye bamba jembamba, ni ya kadi ya picha iliyoongezwa. Kadi ikiwepo, mashine nyingi hufunga matundu ya ubao mama. Nyingine hutoka kiwandani na kifuniko cha plastiki kwenye tundu la juu ili usikosee, na kifuniko hicho ndicho kitu cha kwanza kung'olewa. Ukichomeka juu wakati kadi ipo chini, utangoja mpaka pasaka.

Kinyume chake pia hutokea. Kadi imetolewa ikauzwa, na mnunuzi anachomeka kwenye ubao mama. Lakini si kila kichakataji kinaweza kuchora. Vile vya Intel ambavyo jina lake linaishia na F havina sehemu ya picha. Ryzen za AMD za mezani kabla ya kizazi cha 7000, kilichotoka 2022, huwa hazina pia, isipokuwa zenye G kwenye jina. Tundu la ubao mama lipo, linang'aa, ni jipya kabisa, na nyuma yake hakuna mchoraji. Hapo hakuna cha kutengeneza; kuna kadi ya kununua.

Na kadi kubwa hula. Nafasi inamochomekwa kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. Soketi ya ziada ya pini sita huongeza 75 nyingine, ya pini nane huongeza 150. Mtu akisahau kuichomeka soketi hiyo, feni za kadi zinaweza kuzunguka vizuri tu na picha isije.

Adapta, soko la machozi

Mashine za ofisi zinazotufikia kutoka Ulaya mara nyingi zina VGA moja na DisplayPort, na skrini ya mteja ina HDMI. Hapo safari ya sokoni huanza. Adapta ina upande. Ile ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI haiwezi kugeuzwa itoe HDMI iende DisplayPort, hata kama ncha zinaingia bila ubishi. Kutoka HDMI kwenda VGA kunahitaji kidude chenye akili ndani, kwa sababu kimoja kinasema kwa namba na kingine kwa mawimbi. Kutoka VGA kwenda HDMI ni kidude kingine kabisa, na kwa kawaida kina mkia wa USB wa kujipatia umeme. Ile kebo nyembamba, ncha moja HDMI na nyingine VGA, isiyo na kidude wala uvimbe popote, ni kamba ya kuanikia nguo. Wauzaji si lazima wawe wadanganyifu; wengi wanauza kile ambacho ncha zake zinafanana na ulichoomba. Sema mashine yako ina nini na skrini ina nini, kwa mpangilio huo, kabla hujatoa pesa.

Kuhusu DVI neno moja tu: angalia ile pini bapa. Kama pembeni yake kuna matundu manne madogo, inaweza kutoa VGA kwa adapta ndogo. Kama hayapo, haiwezi, na kulazimisha ni kuvunja pini.

Pale ambapo tundu hufa kweli

Hufa, ndiyo. Na huku kwetu hufa kwa sababu ambayo watu wanaihisi vidoleni kila siku bila kuijua. Umewahi kugusa kasha la chuma la kompyuta, miguu peku kwenye sementi, ukahisi kama wadudu wanakutembelea? Huo ni umeme. Ndani ya kisanduku cha umeme kuna vichujio vinavyotegemea waya wa ardhi kumwaga mabaki yake. Nyumba nyingi za Bukavu prizi zake ni za matundu mawili, ralonji, zile waya za kurefushia umeme, ndiyo kabisa, waya wa ardhi hakuna. Mabaki hayana pa kwenda, kasha zima linaelea karibu nusu ya volti 220. Mkondo ni mdogo mno kukuua, ila chipu ya picha haina ngozi nene kama yako.

Sasa chukua kasha linaloelea hivyo, liunganishe na televisheni yenye dishi juu ya paa, vyote vikiwa vimewashwa. Kwa kawaida ganda la chuma la kebo hugusa kwanza na kusawazisha mambo. Kebo ikiwa ya ovyo, au ukiiingiza kwa pembe huku unapapasa nyuma ya meza, pini inaweza kutangulia. Cheche ndogo, hujaisikia hata. Kesho yake HDMI haitoi kitu, na kila kingine kinafanya kazi. Mashine ya namna hiyo nikiipokea nauliza swali moja: kuna televisheni nyumbani?

Halafu kuna radi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, na nafasi ya pili ikaangukia huku kwetu, mashariki mwa Kongo. Si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga karibu, waya wa dishi na waya wa umeme hupata msukumo, na kebo ya picha inayoviunganisha ndiyo daraja. Nikisikia ngurumo nachomoa waya ukutani na kebo ya picha pia. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Umeme unaporudi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, pia nangoja utulie kabla ya kuchomeka.

Ili niseme tundu limekufa, nataka mambo haya yote: kebo na skrini zilezile zimeonyesha picha kwenye mashine nyingine, mashine inaitikia Num Lock, na tundu lingine la mashine hiyohiyo linatoa picha. Hapo nasaini hukumu. Kama picha huja na kupotea ukitikisa kichwa cha kebo, huenda risasi iliyochomelea tundu kwenye ubao imepasuka, na fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuichomelea upya. Kama ni chipu iliyoungua, sishauri kuhangaika na ubao mama. Tumia tundu lililobaki, au weka kadi ndogo ya mtumba, ukipima kwanza kama kasha lako ni lile jembamba linalotaka kadi fupi.

Mchana ule nilishuka na yule mama mpaka dukani kwake. Skrini ilikuwa nzima. Kebo yake ya VGA niliigeuza kwenye mwanga wa mlango: safu ya chini, pini ya 13 imelala ubavu kama mtu aliyekatiza foleni akasukumwa. Kijana anayefagia alikuwa ameichomoa asubuhi akairudisha kwa nguvu, kichwa chini miguu juu. Nilitoa wino kwenye kalamu ya Bic, nikaivisha pini ile ncha tupu ya kalamu, nikainyanyua polepole mpaka ikasimama na wenzake. Nikaichomeka na kukaza skrubu zote mbili.

"Na bei ya tundu?" akauliza.

Nikamwambia anifotokopie kitambulisho changu nakala mbili.